Kazi Isiyo ya Mikono Yangu

Mtoto mchanga ana mahali utosini pasipo na mfupa. Ukimpakata penye mwanga mzuri, utaona ngozi ya pale ikipanda na kushuka taratibu kwa mapigo yale yale ya moyo wake. Bibi zetu walituonya tusipaguse ovyo. Nilipopaona kwa mwanangu wa kwanza niliogopa hata kupumua karibu yake.

Wakunga wanaijua sababu. Mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana, na wakati wa kuzaliwa husogeleana, hata kupandana kidogo, ili kichwa kipate kupita. Baada ya hapo pengo linabaki wazi kwa muda, kwa kuwa ubongo ulio ndani una haraka. Mtoto anazaliwa na ubongo wa gramu 350 hadi 400 hivi, na akifika miaka sita umeshakaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Pengo la mbele kwa kawaida hufunga kabla hajatimiza miaka miwili. Haji fundi kulifunga. Siku moja unapitisha kiganja unakuta pamekuwa pagumu, na ukiulizwa ni lini huna la kujibu.

Nina wavulana wawili. Mkubwa ana miaka saba, mdogo anakaribia minne, na makazi yetu ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Watu wakisikia kwamba ni wa kiume watupu husema, "Umepata madume, uzeeni hutasumbuka." Nashukuru kwa nia yao njema, ila hesabu hiyo siipendi. Mtoto anageuzwa akiba ya uzeeni kabla hajajua kufunga kamba za viatu! Furaha yangu mimi iko kwingine. Kila siku nashuhudia kazi kubwa mno ikifanyika ndani ya nyumba yangu, na karibu yote siifanyi mimi.

Tuanze na urefu. Januari tunashona sare ya shule, na fundi, kwa kuwa anawajua watoto, anaacha upindo mpana. Katikati ya mwaka upindo umeshashushwa, na vifundo vya miguu vinachungulia tena. Mtoto wa umri ule huongezeka sentimita tano hadi saba kwa mwaka. Sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji humwagwa usiku, katika saa za mwanzo za usingizi mzito, kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa hiyo ile saa ambayo mimi na mama yao tunashusha pumzi kwamba sasa wamelala, tuoshe vyombo, ndiyo saa ambayo shughuli imepamba moto chumbani kwao. Mimi naleta unga na maharage. Kuugeuza ugali uwe mfupa wa paja, hiyo ni kazi ya Mwenyewe.

Na mifupa nayo ina mambo yake. Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300. Mtu mzima ana 206. Vingine havikupotea, viliungana. Kifuniko cha goti, ambacho wanangu wanakichubua kila wiki kwa kukimbia kwenye kokoto, mtoto anazaliwa nacho kikiwa gegedu tupu, na huanza kuwa mfupa baada ya kujifunza kutembea. Miaka yote ile ya kuanguka anaangukia kitu laini.

Lakini lililonishika zaidi ni jino. Mkubwa alikuja siku moja na jino la chini, la mbele, linacheza. Alilisukuma kwa ulimi kutwa, akawa anakula upande mmoja, nyama akaikataa, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Mwishowe lilitoka ndani ya embe bolibo, akapiga kelele ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya hofu au ya ushindi. Nililisuuza nikaliweka kiganjani. Dogo, jeupe kama maziwa, ukingo wa juu bado mkali. Nikaligeuza. Upande wa chini ulikuwa wazi, una kishimo chenye damu kidogo na kingo zilizolika. Mzizi haukuwepo.

Mzizi huo ulikuwepo zamani, tena mrefu. Jino jipya linapopanda kutoka chini, seli maalumu huumumunya mzizi wa jino la zamani kidogo kidogo, kwa miezi mingi, hadi jino libaki limeshikwa na ufizi peke yake. Haling'olewi, linaachiwa liende. Meno ya utotoni ni 20 na ya ukubwani ni 32, na kila moja lina zamu yake. Gego la kwanza la ukubwani hujitokeza mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa, bila kumfukuza mwenzake yeyote. Ila gego hilo huanza kuwa gumu karibu na siku za kuzaliwa. Maana yake ni kwamba wakati nilipokuwa naogopa kupumua karibu na utosi wake, ndani ya taya lile dogo, lisilo na jino hata moja la kuonekana, gego la kutafunia nyama akiwa mzee lilikuwa limeshaanza kutengenezwa. Nani aliyefikiria mbali kiasi hicho? Mimi siku hiyo nilikuwa nawaza kodi ya mwezi.

Jino tulilirusha juu ya paa na kuomba jipya, kama tulivyofanya sisi utotoni. Mdogo akaangua kilio akitaka na lake lirushwe. Tulimpa punje ya hindi, akairusha kwa nguvu zake zote, akaridhika. Hadi leo anafungua kinywa mbele ya kioo kuangalia kama jipya limeota.

Huyu mdogo maajabu yake yako mdomoni kwa namna nyingine. Asubuhi moja alinijia na mashtaka: "Baba, kaka amenifichia kiatu." Mashtaka yalikuwa ya kweli, kiatu tulikikuta nyuma ya ndoo. Mimi hata hivyo nilibaki nimeduwaa juu ya sentensi. Hajafika miaka minne, hajui kuandika hata herufi moja, na katika neno moja, "amenifichia", ametaja aliyetenda, amesema jambo limeshafanyika, ameonyesha kwamba aliyeumia ni yeye, ametaja kitendo, na amekipinda kitendo kile ili ijulikane kwamba kimeelekezwa kwake. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha viambishi. Vijana wa sekondari wanavitolea jasho kwenye mtihani. Alivisikia vikipita hewani, kati ya kelele za redio na sufuria, akavikusanya mwenyewe.

Mtu anaweza kusema anaiga tu. Basi ni nani alimwiga siku ile tuliyokuwa kwenye daladala, jua linampiga usoni, akanigeukia akasema, "Baba, nizimie jua"? Nyumbani kwetu tunazima taa, tunazima jiko, tunazima televisheni. Jua hajawahi kusikia mtu akitaka lizimwe. Abiria wote walicheka. Nilimziba kwa kiganja changu, akasema asante, likawa limezimwa.

Hawa wawili wametoka tumbo moja na wanakula chungu kimoja, lakini hawafanani. Mpe mkubwa mjusi kafiri juu ya dari, atasimama mikono nyuma na kumtazama mpaka mjusi mwenyewe achoke, halafu atauliza kwa nini haanguki. Mdogo atatafuta ufagio. Juzi alimpiga, mkia ukadondoka sakafuni ukaendelea kurukaruka peke yake, na mjusi akatokomea nyuma ya pazia. Nyumba nzima ilisimama. Mkubwa alitaka kujua kama mkia unaumia. Mdogo alitaka kuurudisha.

Wanasayansi wana hesabu ya tofauti hii. Kila mmoja wetu ana kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na katika kugawa nusu ile, mzazi mmoja tu ana njia zaidi ya milioni 8 za kuzipanga. Ukizidisha na zile za mzazi mwenzake unafika kwenye trilioni. Sisi tunauliza wageni, "Huyu amefanana na nani?" kana kwamba majibu ni mawili. Kuna kromosomu moja tu, ile iitwayo Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume karibu kama alivyopewa yeye na baba yake. Wanangu wanayo ile ile niliyoipata kwa marehemu mzee wangu, naye kwa wake, na wake kwa wake, hadi majina yanaisha kichwani. Mdogo hakuwahi kumwona babu yake. Analala chali, mkono umelala juu ya paji la uso, hasa kama mzee alivyokuwa akilala mchana kwenye mkeka. Sisemi kwamba kromosomu ndiyo inayobeba mkao wa kulala, wataalamu watanicheka. Nasema nilivyoona.

Jioni, nikiwahi kurudi, kuwaogesha ni zamu yangu. Mama yao amewabeba tumboni na kuwanyonyesha. Kwa hayo, beseni kwangu ni kitu kidogo. Nikiwapaka sabuni wanateleza kama kambare, maji yanaishia ukutani, na mimi natoka nimelowa kuliko wao. Jirani mmoja akipita huniambia kwa utani kwamba nimekaliwa. Nacheka naye. Siku moja nilimjibu kwa habari ya Wahadzabe.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima homoni ya kiume, testosteroni, kwa wanaume wa jamii mbili jirani huko kaskazini mwa nchi yetu: Wahadzabe wanaowinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi, ambao baba hushinda sana na watoto wake, na Wadatoga wafugaji, ambao malezi ya watoto wadogo ni ya mama zaidi. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye yakaja matokeo kutoka Cebu, Ufilipino, ambako vijana 624 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa: waliopata watoto kiwango chao kilishuka sana, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kuhudumia watoto walikuwa chini zaidi. Wapo watakaoisoma habari hii wakaona mwanaume amepungukiwa. Mimi naona Muumba hakumwandaa mama peke yake. Mwili wa mwanaume nao, akiwa karibu na mtoto, hupozwa makali na kugeuzwa wa kulea. Akikaa mbali haugeuzwi. Jirani alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo umekaliwa mpaka kwenye damu." Sikuwa na la kumjibu.

Baba wanaolea wako tele katika uumbaji, ukitaka kuwatafuta. Mbuni dume, mwenye manyoya meusi, huatamia mayai usiku, jike wa rangi ya vumbi akishika zamu ya mchana. Kila mmoja saa ambayo haonekani kirahisi. Kwenye misitu ya milima yetu yupo hondohondo. Jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango ukakandikwa kwa udongo hadi ubaki ufa wa kupitisha mdomo, na kwa miezi mitatu au zaidi dume huleta matunda kwenye ufa ule, kwanza kwa mama, kisha kwa mama na kinda. Asipoonekana, walio ndani hubaki na njaa.

Hadithi ambayo wanangu wanaitaka kila usiku, hata hivyo, ni ya firigogo. Ndege huyu hukaa nyika kavu, na makinda yake hula mbegu kavu tangu siku za mwanzo, kwa hiyo yana kiu na hayawezi kuruka kwenda mtoni. Baba huenda. Akifika majini hulowesha tumbo, akijitikisa ili maji yaingie vizuri. Manyoya ya pale yana nyuzi zilizojikunja ambazo hufunguka zikinyonya maji na kuyashika. Kisha huruka kilomita nyingi kurudi, jua kali, husimama wima, na makinda hupenya chini yake na kuyakamua yale manyoya kwa midomo. Mwingereza mmoja, Edmund Meade-Waldo, aliandika jambo hili mwaka 1896 baada ya kuliona kwa ndege aliowafuga, na wengi hawakumwamini. Ilipita miaka 71, hadi 1967, ndipo wataalamu wawili walipolithibitisha porini.

Mkubwa huuliza ni kilomita ngapi hasa, na maji mangapi humwagika njiani. Mdogo aliniinua shati akakagua tumbo langu, akatangaza kwamba mimi sina manyoya ya kutosha. Kisha, taa ikiwa imezimwa, chandarua kimeshachomekwa na dua imesomwa, ananiita: "Baba, maji." Namletea. Anakunywa funda moja, ananirudishia kikombe. Sijafika mlangoni, mkubwa naye anasema ana kiu, ila yeye anataka ya mtungini, siyo ya kwenye jagi.