Chombo Chembamba na Bahari Pana

Methali mbili hukaa nyumba moja katika Kiswahili, wala hazipatani. Moja husema, "Ajali haina kinga", nyingine hujibu, "Tahadhari kabla ya hatari." Ya kwanza ni faraja ya aliyefikwa na msiba, ya pili ni wajibu wa aliyebeba roho za watu. Dhuluma huanza pale mchukuzi anapoazima faraja ya mfiwa ili ajivue wajibu wake.

Mtu wa Tukuyu aendaye ng'ambo hupanda ndege katika kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012, na moyo wake hudunda. Akiambiwa kuwa ndege ya kuvuka bahari ni nyembamba, yenye ujia mmoja kati ya viti na injini mbili tu, hofu huzidi. Hofu hiyo si upumbavu. Ni kweli kwamba wembamba si jambo geni: Comet za East African Airways, zilizoanza kazi mwaka 1960, na Super VC10 zilizofuata mwaka 1966, zilikuwa na ujia mmoja vilevile, lakini zilikuwa na injini nne. Mwezi wa Novemba 2024, Airbus A321XLR ya shirika la Iberia ilianza kuvuka Atlantiki kutoka Madrid hadi Boston kwa injini mbili.

Ni nini kilichohalalisha safari hiyo? Si ushujaa, bali ukiri. Mwaka 1953 Marekani iliamuru kwamba ndege ya injini mbili isiwe mbali na kiwanja cha kutua kupita dakika 60, kwa mwendo wa injini moja. Mwaka 1985 ruhusa ikafika dakika 120. Mwaka 1988, dakika 180. Kila nyongeza ilingoja ushahidi wa uimara wa injini na wa matunzo yake. Hata fundi mmoja huzuiwa asifanye kazi ileile katika injini zote mbili, kusudi kosa la mkono mmoja lisizime zote. Kanuni hiyo haimwambii abiria kuwa injini haitazimika. Huanza kwa kukubali kwamba itazimika, kisha huuliza: ikizimika, watu hawa watatua wapi?

Sasa na atazamwe msafiri yuleyule katika barabara ya kuteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Huingia garini, wala haulizi habari za breki. Hudhani kuwa jambo alilolizoea limekuwa salama kwa sababu amelizoea. Basi likianguka, watu husema ajali haina kinga, na maswali huzikwa pamoja na maiti.

Yamkini atatokea msemaji aseme kuwa uangalifu wa angani ni anasa ya matajiri. Gharama zake ni kubwa, hilo halikanushiki. Lakini swali lake halina bei. Kumwita fundi wa pili aitazame kazi ya wa kwanza, na kulikataza gari bovu kuukabili mteremko, si anasa. Akubaliye kwamba roho ilindwe juu ya bahari, na ileile iachiwe bahati katika milima ya Rungwe, hajapima hatari. Amepima thamani ya watu, na mizani yake ni ya uongo.