Diski Bila Daftari

Jumatatu asubuhi mfumo wa mishahara umegoma. Diski imejaa, hifadhidata haiandiki hata mstari mmoja, na afisa TEHAMA amesimama mbele ya mkurugenzi akiomba fedha za diski mpya. "Kijana, si mlinunua mashine juzi tu?" Ni kweli, zilinunuliwa. Tena kwenye kabati hilohilo, chini kidogo ya seva iliyojaa, ipo seva ya mradi uliokwisha zamani, na ndani yake zimelala terabaiti kadhaa zisizoguswa na mtu. Aliyeifunga alihamishwa. Nenosiri alibaki nalo mtu ambaye simu yake haipatikani.

Kama unafanya kazi ya mifumo katika halmashauri, hospitali, chuo au SACCOS, ofisi hiyo unaijua. Huenda ni yako.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema waliotutangulia, nao hawakuwahi kuona diski. Basi kabla hujaandika ombi jingine la manunuzi, nakuomba jambo moja: sajili ulicho nacho. Kila diski na kila kipande cha hifadhi kiingie kwenye bohari ya pamoja, kiwe na jina, mahali, ukubwa na mwenyewe. Siku seva ikiomba nafasi, unaitoa bohari na kuandika imekwenda wapi. Hukimbilii kufungua makabati kwa tochi.

Tabia ya kila mashine na diski yake tumeirithi. IBM ilipoleta RAMAC mwaka 1956, hifadhi yake ilikuwa na sahani 50, uzito wa karibu tani moja, na uwezo wa kubeba herufi milioni tano tu. Kitu cha aina hiyo ungekigawia nani? Kilikaa na kompyuta yake, basi. Lakini dunia ilishatoka huko. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux programu ya LVM, ambayo huchukua diski nyingi, ikaziweka katika kundi moja, kisha ikakuruhusu kukata kipande chochote unachotaka na kukiongeza baadaye. Mwaka 2005 kampuni ya Sun iliachia ZFS, kazi ya Jeff Bonwick, Matthew Ahrens na wenzao, iliyokwenda mbali zaidi: diski zinaingia kwenye bohari moja na mifumo ya faili inachota humo kadiri inavyohitaji, bila mtu kukaa kupima mipaka. Mwaka uliofuata Sage Weil na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, wakaitangaza Ceph, inayounganisha diski za seva nyingi tofauti zikawa hifadhi moja. LVM, ZFS na Ceph zote ni za bure. Pengine LVM ipo tayari ndani ya Linux uliyosimika mwaka jana, nawe umeiacha imelala.

Kwa hiyo kisingizio cha bajeti hapa hakina nguvu. Kinachotakiwa ni jioni chache na moyo wa kuandika.

Anza na utambulisho, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Usiandike kwenye daftari kwamba diski fulani ni sda. Jina hilo Linux huligawa wakati wa kuwaka, na ukichomeka diski nyingine, aliyekuwa sda leo kesho anaweza kuwa sdb. Andika namba ya mfululizo iliyochapishwa kwenye diski yenyewe, au ile WWN ambayo mtengenezaji ameipa na ambayo haifanani na nyingine. Linux hukuonyesha majina hayo ya kudumu katika saraka ya /dev/disk/by-id. Nimeona mafundi hodari wakichomoa diski nzima wakiiacha mbovu, kisa waliamini jina la muda. Kwa diski zilizo kwenye kabati la hifadhi la pembeni, zile zinazofika kwenye seva kwa Fibre Channel au iSCSI, daftari linahitaji zaidi: namba ya LUN (kipande cha hifadhi ambacho kabati hukitoa kwa seva), kabati inakotoka, na namba ya kadi ya seva inayoruhusiwa kuiona. Kadi ya Fibre Channel nayo ina WWN yake, tarakimu na herufi 16, na ndiyo kitambulisho kabati linachokiangalia kabla ya kufungua mlango. Kwenye iSCSI kazi hiyo hufanywa na jina refu linaloanza na iqn. Yaandike yote. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi, lakini inafanywa mara moja, na baada ya hapo unakuwa unarekebisha tu.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana ndipo penye hatari.

Seva ya chuma na seva pepe hazichoti hifadhi kwa mtindo mmoja. Seva ya chuma hupewa LUN ikiwa mbichi: inaiona kama diski yake, inaifomati yenyewe, inaweka mfumo wake wa faili. Seva pepe kwa kawaida haikaribii LUN. Mashine mama inayozibeba seva pepe ndiyo inayoishika hifadhi, nayo humkatia kila mpangaji wake faili au kipande na kumwambia, "Hii ndiyo diski yako." Kwa hiyo bohari yako inahitaji vyumba viwili visivyochanganywa: LUN za kugawiwa seva za chuma, na hifadhi ambayo mashine mama zimeshaiandaa kwa ajili ya seva pepe. Ukiisahau tofauti hiyo, ukaipa seva ya chuma LUN ambayo tayari imejaa diski za seva pepe, huenda isikuulize mara mbili. Ikiichukulia kuwa tupu, ikaifomati, seva pepe kumi zitakufa kwa mpigo.

Kosa hilo lina ndugu yake. LUN moja inaonyeshwa kwa seva mbili, zote zikaifungua kwa mfumo wa kawaida wa faili kama ext4, kila moja ikidhani iko peke yake. Hakuna onyo. Kila seva inaandika juu ya kazi ya mwenzake, na baada ya muda mafaili yanaanza kuoza. Kuitumia LUN kwa pamoja kunawezekana, lakini kwa mifumo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama VMFS ya VMware au GFS2 na OCFS2 kwenye Linux. Dawa ya makosa yote mawili ni safu moja tu ya daftari: LUN hii imepewa nani. Safu ikiwa na jina, mkono wako hausogei.

Wanaotumia KVM kuendesha seva pepe kwenye Linux wana wepesi wao, kwa sababu libvirt, programu inayozisimamia, inayo bohari ndani yake. Unaitangaza kwa amri ya virsh pool-define-as, ukitaja kama ni saraka, ni kundi la LVM, ni iSCSI au ni NFS, unaiwasha, kisha unaiagiza iwake yenyewe kwa pool-autostart. Amri hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na kwetu sisi tunaoishi na umeme wa kukatika, usahaulifu huo una gharama. Umeme unarudi saa tisa usiku, mashine mama inainuka vizuri, lakini bohari imebaki imelala na seva pepe zinazoitegemea zinagoma kuwaka. Wewe unapigiwa simu. Amri moja ingekuacha ulale.

Na hesabu. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Diski ya terabaiti 4 mfumo wako utaionyesha kama 3.6 hivi, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Halafu ulinzi nao unakula. Diski sita za terabaiti 4 ni 24 kwa maneno ya dukani. Ukizipanga kwa RAID 6, inayovumilia kufa kwa diski mbili, unabaki na 16. Ukizipanga pachapacha, 12. Ukiziweka kwenye Ceph kwa mpangilio wake wa kawaida wa nakala tatu, ni 8. Sajili namba ya mwisho, ile utakayoweza kuigawa, maana ndiyo utakayoulizwa na mkaguzi, na ndiyo mhasibu atakayoipigia hesabu.

Kuna na majaribu ya kugawa usichonacho. Teknolojia inaruhusu: unamwahidi kila mpangaji gigabaiti 500, wakati bohari nzima haifikishi nusu ya ahadi zote, kwa kuamini kwamba si wote watakaojaza kwa pamoja. Mimi siipingi mbinu hiyo. Inaokoa fedha nyingi. Ila asiyefuatilia daftari asiiguse. Bohari ya namna hiyo ikijaa, KVM kwa kawaida huzisimamisha seva pepe zinazotaka kuandika, hata ile ambayo yenyewe ina nafasi tele ndani yake. Ceph hukuonya hifadhi ikifika asilimia 85, na ikifika 95 inakataa kuandika kabisa. Weka king'ora chako kwenye asilimia 80, na kikilia, fanya kitu siku hiyohiyo.

Jambo jingine nalitaja kwa ufupi kwa sababu halina mjadala: bohari haichukui nafasi ya nakala rudufu. Ukikusanya kila kitu mahali pamoja, umekusanya na hatari pamoja. Nakala zikae nje ya bohari hiyo, ikiwezekana nje ya jengo.

Utauliza faida yake ni nini kwa mtu wa mshahara kama wako. Ipo, na ni kubwa. Hifadhi ikiwa ya pamoja, unaweza kuihamisha seva pepe kutoka mashine mama moja hadi nyingine ikiwa inafanya kazi, watumiaji wasijue. Matengenezo uliyokuwa ukiyafanya Jumapili usiku unayafanya Jumatano mchana. Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu mwezi uliofuata, ofisi nyingi duniani zilianza kutafuta njia ya kuhamia kwingine, Proxmox ikiwa mojawapo. Anayejua kila LUN yake iko wapi anaupanga uhamisho huo kwa utulivu. Asiyejua analipa anachodaiwa.

Sheria nazo zimebadilika. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Siku mgonjwa au mwanachama akiuliza taarifa zake ziko wapi, au siku mnapouza seva kuukuu kwa mnada, jibu linatakiwa litoke kwenye maandishi. Meza na viti vya ofisi vina namba za mali zilizobandikwa kwa gundi. Diski yenye rekodi za wagonjwa haina namba! Hili ni aibu yetu sisi watu wa mifumo, na ni sisi wa kuiondoa.

Usisubiri programu ya gharama. Excel inatosha kuanzia, na hata daftari la karatasi linatosha kwa ofisi ya seva tatu. Usisubiri kibali pia. Kuhesabu mali unayoitunza ni kazi uliyoajiriwa kuifanya. Kama wewe ni mdogo ofisini, kijana wa mafunzo kwa vitendo au dada uliyeripoti kazini mwezi uliopita, jitwike kazi hii. Wakubwa wana vikao vingi, na baada ya muda mfupi utakuwa mtu pekee mwenye majibu, hata kwao.

Leo jioni, watu wakishaondoka, ingia kwenye seva ya kwanza na uandike lsblk, amri inayoorodhesha diski. Soma kinachotokea, kiandike. Nenda ya pili. Ukifika kwenye ile ambayo hakuna anayejua ni ya nini, usiizime. Iandike nayo, weka alama ya kuuliza, na kesho asubuhi uliza.