Vifo havimo kwenye jedwali

Wiki hii binti wa jirani, yuko mwaka wa tatu chuoni, aliniletea mchanganuo wake wa biashara niupitie kabla hajaukabidhi. Kuku wa nyama 500. Banda, chakula, chanjo, mauzo, vyote vimepangwa kwenye majedwali, na faida inapanda kila mzunguko. Nikatafuta safu ya vifaranga wanaokufa, haipo. Nikamuuliza: kuku wakishafika uzito wa kuuzwa na mnunuzi asitokee wiki nzima, chakula chao analipa nani? "Mama, hilo halimo kwenye swali." Anaishi Sinza, lakini Shekilango hapo jirani, wanakouza kuku, hajawahi kwenda kuuliza bei. Na maksi atapata nzuri tu, jambo linaloniuma.

Dawa ya masomo ya karatasi tu Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: shule iwe na shamba, wanafunzi washiriki kuamua mapato yatumikeje, na hali yao iwe nzuri au mbaya kulingana na walichovuna. Kwingi tukabakiza jembe, tukautupa uamuzi. Huko Costa Rica, Chuo Kikuu cha EARTH huwapa wanafunzi vyote viwili: wanaunda kampuni, wanakopa chuoni, wanaiendesha, wanalipa deni, kisha wanagawana kilichobaki.

Vyuo vyetu navyo viwakopeshe wanafunzi hivyo. Najua nitaambiwa vijana watachezea fedha za umma. Basi wakopeshwe kidogo, kwa kikundi, na tarehe ya marejesho iandikwe. Kupoteza laki tatu ukiwa na mhadhiri wa kukuuliza zimekwendaje ni nafuu mno kuliko kuhitimu, ukachukua kiinua mgongo cha baba, ukakizika kwenye banda la kuku. Wazazi waliopitia hayo hawahitaji kusimuliwa.

Mwingine atasema si haki kumpima mwanafunzi kwa faida, maana soko lina bahati yake. Kweli kabisa, na ndiyo maana lisahihishwe daftari la mauzo. Aliyepata hasara akaonyesha shilingi zilipopotelea, na alifanya nini wateja walipopungua, ampite kwa maksi aliyebahatisha. Kusahihisha kwa namna hiyo kunataka jicho lililowahi kufanya biashara. Kwa hiyo chuo kimwite mfugaji au muuza kuku aje kukagua madaftari hayo, na alipwe posho ileile anayolipwa mtahini wa nje.