Uti wa Mgongo na Sala ya Aliyepooza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu Waislamu: kila mchinjaji ajua kuwa ni makuruhu kukifikisha kisu kwenye nukhaa kabla mnyama hajafa. Nukhaa ni ule ugwe mweupe uliomo ndani ya uti wa mgongo. Kwa mwanamume mzima urefu wake ni kama sentimita 45. Waanza ubongoni, wakoma kiunoni. Kwake hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Kila mshipa una mizizi miwili: wa nyuma huingiza khabari za maumivu na joto, wa mbele hutoa amri ya kwenda na kushika.

Basi mtu akianguka mnazini, ugwe huo ukikatika chini ya shingo, hupooza miguu. Ukikatika shingoni, hata mikono huweza kupooza. Na mkojo hauzuiliki. Kwa hiyo msimwinue kwa makwapa wala msimkalishe. Mmoja akishike kichwa chake kisigeuke, hata aje tabibu.

Lakini tazameni hekima ya Muumba: mishipa ya macho na uso haipiti katika ugwe huo, yatoka ubongoni moja kwa moja. Mwili umelala, akili i macho, na kope zapepesa.

Na sharia yalingana na hayo. Imran bin Husain alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwamuru asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Na wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema: asipoweza, alale chali, kichwa kiinuliwe, uso na nyayo zielekee kibla. Aashirie kwa kichwa. Asipoweza, kwa kope. Asipoweza, aipitishe sala moyoni. Haimwondokei maadamu ana akili. Na asiyezuia mkojo atajisafisha, ajifunge kitambaa, na atawadhe kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia.

Basi nani atamtawadhisha, na nani atamgeuza kibla, ila sisi? Twapita mlangoni pake tukienda msikitini, twasema, “Maskini, huyo amesamehewa.” Hakusamehewa sala, amekosa wa kumsaidia. Tuogopeni kuulizwa juu yake siku ambayo viungo vyetu vitatushuhudia.

Wallahu aalam.