Sahani Hairudi Tupu

Asubuhi moja mjini Kilifi nilikula mahamri na mbaazi kwenye kibanda kilicho karibu na hospitali ya kaunti. Nilimuuliza mama muuzaji wateja wake ni akina nani. "Wengi ni watu wa utafiti, mwanangu. Wasipokuja, na mimi nafunga." Kisha akaniambia kwamba mwanawe alikuwa miongoni mwa watoto waliojaribiwa chanjo ya malaria.

Mama huyu yumo mara mbili katika uchumi wa sayansi ya tiba. Kwa mahamri analipwa. Kwa damu ya mwanawe alirudishiwa nauli, na mtoto akatibiwa bure. Je, hiyo ni haki?

Kituo cha utafiti cha Kilifi kilianza mwaka 1989, kwa ushirikiano wa KEMRI, Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford. Leo kinaajiri mamia ya watu katika mji mdogo wa pwani. Chanjo ya R21, iliyobuniwa Oxford, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 4,800 wa Kilifi, Bagamoyo, Mali na Burkina Faso. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023. Inatengenezwa Pune, India, na Serum Institute. Mishahara ya kiwandani na kodi zake ziko huko.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kilifi ilicheza kwao. Tuzo likaenda Pune.

Jibu jepesi ni kulipia damu. Mimi nalikataa. Damu ikipata bei, wa kwanza kuiuza atakuwa mwenye shida kuliko wote, na mama anayedaiwa karo hataweza kusema hapana. Wala Pune si mwizi: dozi moja inauzwa kati ya dola 2 na 4 kwa sababu kiwanda kile kinajua kutengeneza kwa wingi.

Jibu la pili ni kwamba damu ile ilikuwa zawadi, na zawadi haihesabiwi. Hapa nakubali nusu. Chanjo iliyotangulia, RTS,S, nayo ilijaribiwa Kilifi. Ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti za upande wa Ziwa, ambako malaria ni kali zaidi. Sioni dhuluma hapo. Mwenye hali mbaya hutangulia.

Lakini zawadi ina adabu zake. Jirani akikuletea chakula, humrudishii sahani tupu. Hulipi deni, unamwambia kwamba ujirani bado upo. Kwenye sahani ya Kilifi ningeweka matokeo yanayosomwa barazani kwa Kiswahili na Kigiriama, karo za watoto wa hapa wanaotaka kusomea sayansi, na siku moja kiwanda cha chanjo kwenye ardhi hii. Haya hayamnunui mzazi mmoja mmoja. Yanaurudishia mji uliotoa.

Nilimuuliza mama kama angekubali tena.

"Ningekubali. Mtoto wa mwenzangu akipona, wangu amepungukiwa nini?" Akanimiminia chai, kisha akaelekeza kidole kwa binti aliyekuwa akiosha vikombe. "Huyu yuko kidato cha tatu, anapenda baiolojia. Akimaliza, wampe nafasi mle ndani. Mimi nje nimeshakaa vya kutosha."