Deni la Ujuzi

Habari za uvumbuzi mpya humfikia mtu wa Afrika Mashariki kama ngoma ya harusi ya mtaa wa pili. Sauti yake huisikia vizuri, furaha yake huitambua, lakini mwaliko hauoni. Katika miaka hii ya karibuni ngoma hiyo imelia bila kupumzika. Matabibu wamejifunza kusahihisha urithi uliomo ndani ya damu. Wanabiolojia wamepata mkasi wa kukata vinasaba mahali wapatakapo. Mabingwa wa kemia wamefanya betri ndogo kubeba nguvu kubwa. Wachunguzi wa miji wamechora mitaa ambayo jana haikuwamo katika ramani yoyote. Msikilizaji hufurahi, kwa kuwa heri ya mtu mmoja si lazima iwe hasara ya mwingine. Walakini aulizapo habari za karamu ile, mara nyingine huambiwa kuwa mbuzi aliyechinjwa alitoka zizini mwake. Hapo ndipo furaha yake hugeuka kuwa swali.

Swali lenyewe ni hili: ujuzi uliopatikana kwa mchango wa wengi ni mali ya nani, na nani hudaiwa nini kwa ajili yake? Wako wasemao kuwa ujuzi ni mali ya aliyeupata, kama lulu ilivyo mali ya mpiga mbizi aliyeizamia. Wako pia wasemao kuwa ujuzi ni kama jua, hauna mwenyewe, na kila mtu ana haki ya kuuota. Kauli zote mbili zina uzuri wake, lakini zote mbili husahau jambo moja. Lulu haikuazimwa kwa mtu, wala jua halikukopwa popote; ujuzi hukopwa. Hukopwa katika damu ya mgonjwa, katika ardhi ya mkulima, katika jasho la mchimbaji na katika fikira za waliotangulia. Kitu kilichokopwa hakipimwi kwa uzuri wake tu, bali hupimwa pia kwa namna kinavyorudishwa.

Mfano ulio wazi ni ule wa selimundu. Huu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo na laini, hupinda kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kumtia mgonjwa maumivu makali, upungufu wa damu, na mara nyingi mauti ya mapema. Mwaka 1910 James Herrick, tabibu wa Chicago, alieleza habari za chembe hizo alizoziona katika damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Aliona kuwa urithi wa selimundu ulikuwa kwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwa wachache tu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi wa sababu yake: mtu aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria.

Maana ya ugunduzi huo ni nzito kuliko inavyoonekana kwanza. Kasoro iliyodhaniwa kuwa laana ya nyumba fulani ilikuwa ngao ya nchi nzima. Katika mahali pa mbu wengi, watoto waliorithi kwa mzazi mmoja waliishi kwa sababu ya urithi huo. Na mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili alilipa kwa maumivu yake gharama ya ngao iliyowalinda nduguze. Hivyo hata kabla ya maabara kujengwa, maumbile yenyewe yalikwisha kuandika deni. Watu waliotoa damu ili jambo hilo lijulikane hawakuwekwa katika orodha ya wagunduzi, na yamkini wengi wao hawakupata kusikia nini kilichogunduliwa. Ujuzi ulianza safari yake kutoka mikononi mwao.

Safari hiyo ilifika mbali. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza namna silaha ambayo bakteria huitumia kujikinga na virusi inavyoweza kufanywa mkasi wa kukata DNA. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu iliyotokana na mkasi huo, iitwayo Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata. Chembe za asili za damu hutolewa mwilini mwa mgonjwa, hukatwa mahali maalumu ili zirudie kutengeneza himoglobini ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, kisha hurudishwa mwilini baada ya dawa kali kusafisha uboho wa zamani. Katika majaribio yaliyopelekwa mbele ya wakaguzi wa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walipata angalau mwaka mzima bila shambulio kubwa la maumivu. Hapana shaka kuwa hii ni kazi tukufu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 2,200,000 kwa mgonjwa mmoja. Walio wengi sana kati ya watoto wazaliwao na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini ya Sahara.

Mtetezi wa bei hiyo ana hoja, na haki humtaka msomaji amsikilize. Husema kuwa utafiti huchukua miaka mingi na fedha nyingi. Kuwa kwa kila dawa iliyofaulu ziko nyingine zilizoshindwa njiani. Kuwa aliyetia mali yake katika hatari asiporudishiwa, kesho hatatia tena, na wagonjwa wa kesho ndio watakaoumia. Maneno haya si ya kudharauliwa. Mkulima asiyevuna hawezi kupanda msimu ujao. Lakini hoja hiyo huthibitisha kuwa mtafiti anastahili malipo. Haithibitishi kuwa yeye peke yake ndiye anayedai. Katika hesabu ya haki, anayedai huku huweza kuwa anadaiwa kule. Mwenye hataza humdai anunuaye dawa. Naye hudaiwa na wale ambao damu yao ilikuwa kitabu chake cha kwanza.

Tena, bei si amri ya maumbile. Katikati ya miaka ya 1990 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutumiwa kwa pamoja, gharama yake kwa mgonjwa ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, na wengi walisema kuwa Afrika ingengoja tu. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Molekuli zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni nia ya watu na sheria ya biashara. Lililosemwa kuwa haliwezekani lilikuwa halijatakwa tu. Hata hivyo, kati ya siku ile lilipowezekana na siku ile lilipotakwa, watu wengi walizikwa. Hilo ndilo jambo baya katika deni la ujuzi: likicheleweshwa, mdai hufa, na mdeni hudhani kuwa amesamehewa.

Jambo hili si la tiba peke yake. Katika elimu ya vitu na nishati liko vilevile, ila hapo kinachokopwa si damu bali ni ardhi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kuwa mchanganyiko wa lithiamu, kobalti na oksijeni unaweza kuwa sehemu muhimu ya betri yenye nguvu nyingi. Mwaka 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel kwa betri za lithiamu, ambazo leo huendesha simu, kompyuta na magari. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mgodi. Wako huko wachimbao kwa mashine kubwa, na wako wachimbao kwa sururu na koleo katika mashimo yasiyo na nguzo. Gari lisilotoa moshi husafisha hewa ya mji wa mbali. Vumbi la kazi yake hubaki katika mapafu ya mtu wa karibu.

Hapa pana funzo jingine. Wanakemia wamekwisha kubuni betri za chuma na fosfati zisizohitaji kobalti kabisa, na matumizi yake yanakua. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema kuwa tatizo limekwisha. Siyo. Mdeni anayehama mtaa hajalipa deni, amemkimbia mdai. Ujuzi mpya ukimwondolea tajiri haja ya madini ya Kolwezi pasipo mtu kuuliza mchimbaji atakula nini na mashimo yatafukiwa na nani, basi ujuzi huo umekuwa na akili pasipo uungwana. Si kosa la kemia kusonga mbele. Kosa ni la wale wanaosonga mbele na kumwacha nyuma aliyewabeba.

Lakini haifai kusema kuwa ujuzi hukopa daima pasipo kurudisha. Dar es Salaam ina mfano mwema. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu katika mji huo, na mabonde kama la Msimbazi yamefurika tena mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2015 ilianza kazi iliyoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa kata kama Tandale, walitembea mitaa kwa miguu, wakaandika nyumba, njia, mitaro na mahali maji yanapojaa. Mkazi ambaye kumbukumbu yake ilikuwa haina thamani mbele ya ofisi yoyote akawa mwalimu. Na ramani iliyotokana na maneno yake ikawekwa wazi kwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Ujuzi ulitoka kwake, ukakaguliwa, ukapangwa, ukamrudia. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walakini ramani haizuii maji. Ikiwa mtaro uliochorwa haukuzibuliwa, mkazi amerudishiwa karatasi tu, na deni linasalia.

Neno hili la mtaro lampeleka msomaji penye sehemu ngumu ya jambo zima. Ni rahisi kumlaumu tajiri wa mbali kwa tiba ya dola 2,200,000. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ina hatari ya kuwa usingizi mtamu. Maana uko ujuzi mwingine wa selimundu ambao hauna bei ya kutisha, nao pia haujawafikia wote. Mwaka 1986 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa penisilini ya kumeza, akipewa mtoto mdogo mwenye ugonjwa huu kila siku, hupunguza maambukizo makali ya bakteria ya nimokoka kwa asilimia 84. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea kwa watoto wapatao 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Palikuwa na hofu kuwa dawa hiyo ingewazidishia malaria. Kinyume chake maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, na vifo vikapungua. Tangu 2004 wataalamu wa Muhimbili wamefuatilia maelfu ya wagonjwa, wakajua hali ya ugonjwa huu katika nchi yao wenyewe kuliko mgeni yeyote.

Basi ujuzi upo, umepatikana katika bara hilihili, kwa watoto wa hukuhuku, na mengi katika hayo si ya bei kubwa. Kinachotakiwa ni tone la damu kupimwa mtoto azaliwapo, dawa kufika zahanati kila mwezi, na mama kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Mtoto wa kijijini anapokufa kwa kukosa tiba ya mkasi wa vinasaba, wa kuulizwa yuko ng'ambo. Anapokufa kwa kukosa kupimwa na kwa kukosa penisilini, wa kuulizwa yuko karibu: waziri apangaye fedha, mkuu wa hospitali aagizaye dawa, msomi ambaye makala yake imesomwa Ulaya na haikupata kusomwa na muuguzi wa wilaya yake. Mtoto yule hakuikopesha damu yake dunia ya mbali tu; aliikopesha nchi yake pia.

Hekima ya mababu husema dawa ya deni kulipa. Haikusema dawa ya deni ni sifa, wala mkutano, wala tuzo. Aliyegundua na apewe heshima yake, na aliyetia mali na arudishiwe kwa kiasi. Lakini hesabu isifungwe hapo. Ifungwe siku ambayo mtoto wa yule aliyenyoosha mkono mwaka 1949 ili damu yake ichukuliwe, au mjukuu wake, atanyoosha mkono tena katika zahanati ya kijiji chake, na safari hii si kutoa, bali kupokea.