Barabara za Chai na Wageni wa Baiskeli

Kaskazini-magharibi mwa Nairobi, pale jiji linapokwisha na mashamba ya Kiambu kuanza, ardhi imekatwa na mito midogo mingi inayotiririka sambamba kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea kusini-mashariki, na kati ya mto na mto umebaki mgongo mrefu wa nchi unaoinuka polepole hata anayeupanda asitambue kwamba anapanda. Nairobi iko kwenye kimo cha takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru inazidi mita 2,200, ilhali umbali kati yao ni kama kilomita 30. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anayeshika mgongo mmoja kutoka chini hadi juu hupanda, kwa wastani, chini ya mita 20 katika kila kilomita. Anayeukata mgongo huo kwa upande huteremka bondeni ghafla, huvuka daraja jembamba, kisha hulazimika kushuka na kuisukuma baiskeli yake mpaka ng'ambo. Upole wa nchi hii hutegemea uelekeo, na yeyote anayepanga njia kutoka Ruaka au Banana hadi Tigoni hana budi kujua mito inaelekea wapi kabla ya kuuliza barabara zinaelekea wapi.

Baiskeli inayofaa njia hizi siku hizi huitwa baiskeli ya changarawe, yaani baiskeli yenye usukani uliopinda kwenda chini mithili ya ule wa mashindano ya lami, lakini yenye gia nyepesi zaidi za kupandia mlima na matairi mapana, aghalabu ya milimita 38 hadi 50, yanayojazwa upepo kidogo ili tairi likikutana na jiwe libonyee na kulipita badala ya kumrusha mwendeshaji. Mchezo wenyewe umekua haraka: mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za changarawe yalifanyika nchini Italia mwaka 2022, na mwaka uliotangulia yalianza nchini Kenya mashindano ya Migration Gravel Race, yanayopita kwenye mbuga na vijiji vya Maasai Mara. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli iitwayo Amani, aliyetaka waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate nafasi ya kushindana na walio bora duniani bila kungoja kualikwa Ulaya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya namna hiyo jimboni Vermont, Marekani. Jina lake lastahili kutajwa kila mchezo huu unapozungumzwa kwa Kiswahili. Inafaa kukumbukwa pia kwamba ustadi wa kuongoza gurudumu juu ya kokoto haukuletwa Kiambu na mchezo wowote, kwa maana wabeba maziwa na wakata nyasi wamekuwa wakipita humo kwa miongo mingi kwa baiskeli nzito nyeusi zisizo na gia, mzigo ukiwa umefungwa kwa mpira kwenye kerieri.

Changarawe ya huko, ambayo Wakenya wengi huiita murram, ni udongo mwekundu wenye chuma na alumini kwa wingi, ambao mvua na joto la muda mrefu vimeugandisha ukawa vijiwe vigumu; huchimbwa, humwagwa juu ya njia, kisha hushindiliwa kwa rola. Kwa majuma machache uso wake huwa imara na laini, halafu magari huanza kuupanga upya. Mistari miwili inayokanyagwa na magurudumu ya malori hubaki imekazana, kokoto zilizobanduka husukumwa katikati na pembeni, na kwenye kona hurundikana upande wa nje, pale hasa ambapo baiskeli iendayo kasi huvutwa na mwendo wake. Penye mteremko hujitokeza mikunjo iliyopangana kama ya bati la paa, nayo huzaliwa na magurudumu yenyewe, kwani gurudumu linaloruka kidogo huchimba linapotua, na linalofuata hurukia papo hapo na kuzidisha shimo. Mwendeshaji aliyezoea husoma haya yote mita kumi au ishirini mbele ya gurudumu lake, huchagua mstari mmoja uliokazana, hulegeza viwiko, na hafungi breki ya mbele akiwa juu ya kokoto zilizolegea.

Mvua hubadilisha kila kitu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli, udongo mwekundu wa mashamba hunata kwenye tairi na kujaa kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka. Na upande wa pili wa jiji, kwenye nyanda za Athi na Kitengela, udongo mweusi wa mfinyanzi ni mbaya zaidi, maana huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Anayeahirisha safari siku mbili tatu baada ya mvua kubwa huilinda baiskeli yake, na hulinda pia vijia vya mashambani, ambavyo michirizi ya matairi ikikaukia humo huwakwaza watembeao kwa miguu.

Lakini barabara hizi zipo kwa sababu gani? Swali hili ndilo ambalo ramani za waendeshaji haziliulizi, na jibu lake liko kwenye kikapu cha mchumaji. Jani la chai, likishachumwa, yaani majani mawili machanga na chipukizi lake, huanza kunyauka na kupata joto ndani ya gunia, na likichelewa kufika kiwandani siku hiyohiyo ubora wake hupotea. Ndiyo maana nchi ya chai ina mtandao mnene wa njia za murram na vituo vya kununulia majani, na ndiyo maana lori la chai halina subira kwenye kona. Miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, na historia ya ardhi iliyofuata si ya upole hata kidogo, kwa kuwa wakazi Waafrika wa Tigoni walihamishwa na serikali ya kikoloni, karibu na mwaka 1940, wakapelekwa Lari ili eneo lao libaki la walowezi. Uzuri wa mistari ya kijani inayoonekana kutoka kwenye tandiko la baiskeli una gharama iliyolipwa na watu ambao wajukuu wao bado wako hai, na haifai kuutazama kama kwamba haukuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo mwendeshaji anayetoka jijini Jumamosi asubuhi ni mgeni kwenye njia ya kazi. Adabu yake huonekana katika mambo madogo: hupunguza mwendo anapomkuta mama aliyebeba kuni au punda mwenye mitungi ya maji, hupiga kengele akiwa mbali ili asimshtue mtu mgongoni, huamkia kwanza kabla ya kuuliza njia, huomba ruhusa kabla ya kuingia kwenye vijia vya ndani ya shamba la kampuni au la mkulima, na hampigi picha mchumaji ambaye hajaulizwa. Maji na chai hununua kwenye kibanda cha kijijini, asivitoe vyote mjini, maana safari inayopita katikati ya watu bila kuacha hata shilingi kwao ni safari ya kutazama tu.

Liko jambo moja ambalo waendeshaji wengi hulinong'ona kwa huzuni, nalo ni lami. Kila mwaka njia fulani ya murram hutiwa lami, ramani hufutwa, na wapenzi wa changarawe husema kwamba mashamba yameharibiwa. Huzuni hiyo inaeleweka, ila haki haiko upande wake. Mkulima ambaye lori la majani hukwama mlangoni pake wakati wa masika, mjamzito anayepelekwa hospitali usiku kwa pikipiki juu ya mikunjo, na mwenye duka anayepangusa vumbi kwenye bidhaa zake mara tatu kwa siku wameidai lami hiyo kwa miaka mingi, na haja yao ni ya siku saba za juma, wakati starehe ya mgeni ni ya asubuhi moja. Kinachostahili kudaiwa kwa nguvu, na wenyeji pamoja na wageni, ni kwamba barabara inapotiwa lami iachiwe bega pana pande zote mbili, lililoshindiliwa vizuri na lisilomezwa na mitaro, ili mkata nyasi na baiskeli yake, mwanafunzi anayekwenda shule na mgeni kutoka jijini wasisukumwe mtaroni na matatu zilizopata njia ya kukimbilia.